Kuvua stilihedi majira ya baridi katika mito ya Tillamook: mwongozo kwa kundi la marafiki

Mwongozo huu ni kwa watu watatu au wanne wanaoishi Portland au karibu nayo, ambao walijifunza kuvua kwa mshipi mahali pengine, iwe Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika au bahari ya Mombasa, na sasa wanataka kwenda pamoja kwenye mito ya pwani ya Oregon kati ya Desemba na Machi kumtafuta stilihedi. Samaki huyu ni trauti yuleyule wa upinde wa mvua, Oncorhynchus mykiss, ambaye Waingereza walimpandikiza katika mito ya Mlima Kenya na Nyandarua wakati wa ukoloni. Tofauti ni kwamba stilihedi huzaliwa mtoni, hushuka baharini akakulia katika Pasifiki, kisha hurudi mtoni kutaga akiwa na uzito wa kilo tatu hadi tano, na wachache huwa wakubwa kuliko hapo. Anapoingia mtoni akitoka baharini huwa mweupe wa kung'aa kama sahani ya bati mpya, na nguvu zake ni za samaki wa maji ya chumvi.

Nimekwenda na kundi letu kwa misimu kadhaa, na safari tulizorudi mikono mitupu karibu zote zilikuwa na sababu moja: tuliichagua siku na mto wiki mbili mapema, tukaenda hata baada ya maji kutukataa. Kwa hiyo sehemu ndefu ya maelezo haya inahusu maji.

Hatua ya kwanza: chagueni siku, lakini msichague mto

Mji wa Tillamook hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya ile ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha kati ya Novemba na Machi. Mito inayoingia katika Ghuba ya Tillamook na ile ya jirani ni mifupi na yenye mteremko mkali, kwa kuwa hutoka kwenye Milima ya Pwani iliyo karibu sana na bahari. Mvua kubwa ya usiku mmoja inaweza kuugeuza mto uliokuwa wa kijani jioni ukawa na rangi ya chai ya maziwa kufikia asubuhi. Stilihedi hupenda maji hayo yanapopanda, kwa sababu humpa njia ya kupita kwenye sehemu zenye maji machache, lakini wewe huwezi kumvua mtoni humo, na ni hatari kusimama ndani yake. Wakati wenu ni siku moja hadi tatu baada ya kilele cha mafuriko, maji yanaposhuka na kuanza kutakata huku samaki wapya wakiwa wamekwisha kuingia.

Kubalianeni kuhusu siku mbili au tatu ambazo kila mtu anaweza kuacha kazi, kisha subirini. Kuanzia siku nne kabla ya safari, mmoja wenu afuatilie vipimo vya mito vya Shirika la Jiolojia la Marekani, ambavyo huonyesha kina cha mto saa kwa saa, pamoja na utabiri wa kituo cha serikali kinachoshughulikia mito ya Kaskazini-Magharibi. Katika grafu ya utabiri kuna mstari wa kina kilichokwisha kupimwa na mwingine wa kina kinachotarajiwa. Mnachotafuta ni mstari unaoshuka taratibu. Mto Wilson, kwa mfano, huvulika vizuri kipimo chake cha karibu na mji wa Tillamook kinaposoma takriban futi nne hadi tano na nusu, na maji yakiwa yanashuka. Futi tano zinazopanda na futi tano zinazoshuka ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa namba ni ileile.

Faida ya eneo hili ni kwamba mito yake haitakati kwa wakati mmoja. Kilchis, ambao ni mdogo, hutangulia kutakata, kisha hufuata Wilson na Trask. Nestucca, ulio kusini kidogo, nao huwa na ratiba yake, na Nehalem, ambao ni mrefu na hukusanya maji ya eneo kubwa, huchelewa kuliko yote. Kundi lenye subira huamua mto usiku wa kuamkia safari: ikiwa mafuriko yalipita jana, mnakwenda Kilchis, ikiwa zimepita siku mbili, mnakwenda Wilson, na ikiwa haijanyesha kwa wiki nzima na mito midogo imekuwa myembamba na mieupe kama maji ya kunywa, ndipo Nehalem unapowafaa.

Anayetoka pwani ya Afrika Mashariki ataelewa upesi jambo la pili, nalo ni bahari. Samaki huingia mtoni na maji ya kujaa, na bamvua, yaani yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, inapokutana na mto uliopanda kiasi, sehemu za chini za mto hupata samaki wapya ambao bado wana chawa wa baharini mwilini. Kwa hiyo tazameni pia jedwali la maji kujaa na kupwa la Ghuba ya Tillamook, ila msiliweke mbele ya kipimo cha mto.

Kuhusu mwezi wa kwenda, samaki waliotoka katika vituo vya kutotolea vifaranga huanza kuonekana mwishoni mwa Novemba na huwa wengi Desemba na Januari, ilhali samaki wa asili huwa wengi zaidi Februari na Machi. Wapo pia samaki wa vituoni ambao wazazi wao walikuwa wa asili, hasa katika Wilson na Nestucca, na hao huchelewa kurudi kama wazazi wao. Kundi linalotaka samaki wa kupeleka nyumbani liende mapema, na linalotaka samaki mkubwa hata kama atarudishwa majini lisubiri Februari.

Hatua ya pili: leseni na kanuni

Kila mwenye umri wa miaka 12 au zaidi anahitaji leseni ya kuvua ya Oregon, na pamoja na leseni hiyo anahitaji kibali cha kurekodi salmoni na stilihedi, kinachouzwa peke yake. Vyote hupatikana katika maduka ya vifaa vya uvuvi au kwa simu kupitia programu ya Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Oregon. Anayetumia programu aipakue na kuingia akiwa nyumbani, kwa sababu kwenye bonde la Wilson mtandao wa simu hupotea kwa kilomita nyingi, nawe unatakiwa kumrekodi samaki mara tu unapoamua kumchukua.

Kanuni ya msingi katika mito hii ni kwamba mnachukua samaki wa kituoni tu, kwa kawaida wasiozidi wawili kwa siku kwa kila mtu, na samaki wa asili hurudishwa majini. Kuvua kunaruhusiwa kuanzia saa moja kabla ya jua kuchomoza hadi saa moja baada ya kuzama. Zaidi ya hayo, kila mto una sehemu zake zilizofungwa na tarehe zake, na idara huweza kubadilisha kanuni katikati ya msimu, hivyo mmoja wenu asome ukurasa wa mto husika usiku uleule wa kuamkia safari.

Hatua ya tatu: mavazi na vifaa

Anzeni na mavazi, kwa maana mtu aliyelowa na kutetemeka havui. Joto la hewa mchana huwa nyuzi tano hadi kumi za Selsiasi na mara nyingi kuna mvua nyembamba isiyokatika. Msivae nguo za pamba ndani, kwa sababu pamba ikilowa hunyonya joto la mwili. Vaeni sufu au nguo za mazoezi za nailoni, tabaka mbili au tatu, kisha ovaroli isiyopitisha maji inayofika kifuani, na juu yake koti la mvua lenye kofia. Ovaroli hiyo lazima ifungwe mkanda kiunoni kwa nje, wa kubana kweli, ili ukianguka maji yasijae miguuni. Viatu viwe na soli ya kitambaa kizito au misumari midogo, kwani mawe ya mito hii yana utelezi ambao gambuti za kawaida haziuwezi. Kila mtu abebe nguo kavu za kubadilisha, naye aziache garini.

Fimbo inayofaa ina urefu wa futi nane na nusu hadi kumi na nusu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mshipi unaohimili ratili 8 hadi 12. Kwa anayeanza, njia rahisi kuliko zote ni ya boya na jigi, yaani ndoana yenye kichwa kidogo cha risasi iliyofungwa manyoya ya waridi, mekundu au ya zambarau. Nieleze jinsi ya kuifunga, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukosea. Kwenye mshipi mkuu, ambao uwe wa kusuka wa ratili 30 ili uelee juu ya maji, funga kwanza fundo dogo la uzi linaloweza kusogezwa. Chini yake tia shanga, kisha boya linaloteleza, kisha chubwi yenye uzito unaolingana na boya, kisha kizungushio. Kutoka kwenye kizungushio funga kipande cha mshipi mwembamba wa ratili 10, chenye urefu wa inchi 18 hadi 24, na mwishoni mwake funga jigi. Fundo lile la uzi ndilo linaloamua kina: ukilisogeza juu chambo huzama zaidi, ukilishusha chambo hupanda.

Wapo wanaopenda mayai ya salmoni yaliyokaushwa kwa chumvi na sukari, na wapo wanaotupa vijiko vya chuma vinavyometameta. Njia zote hizo zinavua. Hata hivyo nashauri kundi lianze wote kwa boya, kwa sababu mkiwa na njia moja mnaweza kuambiana kina na rangi, na mtu mmoja akipata samaki wengine wanajua la kubadilisha.

Pamoja na hayo chukueni wavu wa mkono usio na mafundo, koleo, tochi ya kichwani kwa kila mmoja, kisanduku cha huduma ya kwanza, blanketi la dharura, na chai ya tangawizi katika chupa mbili kubwa. Chai ya saa nne asubuhi kando ya mto, mikono ikiwa imekufa ganzi, ni sehemu ya safari ambayo marafiki zangu huikumbuka kuliko samaki.

Hatua ya nne: usiku wa kabla, na barabara

Kufikia saa tatu usiku mto uwe umeamuliwa, pamoja na mto wa pili wa akiba. Mwambieni mtu mmoja aliyebaki nyumbani mnakokwenda, mtakakoegesha gari, na saa mnayotarajia kurudi. Kutoka Portland hadi Tillamook ni takriban kilomita 120, na Barabara ya 6 hupanda hadi karibu futi 1,600 kabla ya kuteremka sambamba na Wilson. Huko juu huwa na theluji na barafu hata siku ambayo Portland ni mvua tu, kwa hiyo angalieni kamera za barabarani kabla ya kuondoka na muwe na minyororo ya magurudumu.

Mwanzoni mwa Januari jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, hivyo siku ni fupi. Kundi linaloondoka Portland saa kumi na moja alfajiri hufika, hufunga mishipi kwa mwanga wa tochi, na huwa majini kunapokucha. Mkifika, tazameni mto kabla ya kuvaa. Ingia hadi magotini mahali palipotulia na uangalie miguu yako: ukiviona viatu vyako, maji yanavulika. Usipoviona, ondokeni mwende mto wa akiba. Januari moja tulifika Wilson ukiwa wa kahawia, mmoja wetu akasema tumekwisha kusafiri basi tujaribu, tukasimama humo saa tano nzima bila hata kugongwa, ilhali Kilchis, dakika chache kutoka tulipokuwa, ulikuwa umekwisha kutakata.

Hatua ya tano: kusoma maji na kupitisha chambo

Stilihedi anayepanda mto huokoa nguvu zake. Hakai penye mkondo wa kasi, wala hakai kwenye dimbwi lililokufa, bali hupumzika penye kina cha futi tatu hadi nane ambapo maji yanakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Tafuteni mstari unaotenganisha maji ya kasi na maji ya polepole, nyuma na mbele ya mawe makubwa, na sehemu ya mwisho ya lindi, yaani shimo lenye kina mtoni, ambapo maji huanza kuwa membamba kabla ya kuporomoka tena. Mto ukiwa mkubwa, samaki husogea kandokando, wakati mwingine hatua mbili tu kutoka ukingoni, na wavuvi wengi huwakanyaga wakikimbilia katikati. Mto ukiwa mdogo na mweupe, hujificha penye kina na mawimbi yanayovunja mwanga.

Weka chambo kipite futi moja hadi moja na nusu juu ya changarawe. Tupa mshipi kuelekea upande wa juu wa mto kidogo, kisha inua fimbo ili mshipi usilale juu ya maji na kulivuta boya, na uliache boya literemke kwa kasi ya mkondo. Boya lenyewe litakuambia hali ya chini. Likisimama wima, mambo ni sawa. Kichwa chake kikiinamia upande ambao mto unateremkia, chambo kinaburuta chini, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, basi shusha fundo la uzi kidogo. Kichwa kikiinamia upande wa juu wa mto, mshipi wako ndio unaolishikilia. Likizama ghafla, au hata likisita kwa namna usiyoielewa, inua fimbo kwa nguvu papo hapo bila kusubiri kuhakikisha.

Katika maji ya baridi chini ya nyuzi tano, samaki hasogei mbali kufuata chambo. Hapo pitisheni polepole, mahali pamoja, mara nyingi, mkisogea hatua moja tu kila baada ya mitupo mitano au sita. Maji yakiwa nyuzi sita hadi tisa, songeni upesi zaidi. Kundi lipange zamu: anayetangulia lindi moja hufuata nyuma kwenye lindi linalofuata, ili kila mmoja apate maji ambayo hayajaguswa. Mkikuta wavuvi wengine, salimianeni, muwaulize mnaweza kuingia wapi, na kamwe msiingie upande wa chini yao wakati wanasonga kuelekea huko. Ardhi nyingi ya kandokando ni ya watu binafsi, kwa hiyo heshimuni mabango.

Kuanzia Januari kuendelea mtaona kwenye changarawe yenye maji machache madoa makubwa meupe kuliko mawe ya jirani, kana kwamba mtu amepafagia. Hivyo ni viota ambamo jike ametaga na kufukia mayai. Msipakanyage, na msivue samaki waliosimama juu yake.

Hatua ya sita: kuingia na kuvuka maji

Hakuna samaki anayestahili kuvukiwa mto ukiwa na shaka. Mnapovuka, vukeni wawili wawili mkishikana mabega, mkiwa mmeelekeza uso upande wa juu wa mto, mkiburuta miguu badala ya kuinyanyua, na muwe na mkongojo. Ukianguka kwenye mkondo wa kasi usijaribu kusimama, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe maji yatakulaza. Lala chali, miguu ikielekea chini ya mto, upige mikono kuelekea ukingoni. Miti iliyoangukia mtoni iogopeni kuliko mawe, kwani maji hupita kati ya matawi lakini mtu hunaswa.

Mtu akianza kutetemeka bila kukoma, akishindwa kufunga fundo alilolifunga asubuhi, au maneno yake yakianza kukokotana, baridi imemwingia. Mwondoeni majini papo hapo, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mpeni chai tamu akiwa na uwezo wa kumeza, mkamkalishe garini penye joto. Msimuulize kama anataka kuendelea, kwa maana atawajibu kwamba yuko sawa.

Kuteremka kwa boti ya makasia ni jambo zuri, lakini kwa mara ya kwanza mkodisheni kiongozi aliyesajiliwa na jimbo. Mito hii ina mawe na kona zinazotaka mpiga makasia anayezifahamu, na jaketi okozi livaliwe muda wote, lisiwe la kukaliwa.

Hatua ya saba: samaki akishika

Samaki akishika, wenzako watoe mishipi yao majini. Fimbo ikae juu, mwache akimbie anapotaka kukimbia, na umfuate kwa miguu badala ya kumvuta dhidi ya mkondo. Mwenye wavu asimame kimya upande wa chini yako na amngoje samaki aingizwe kichwa mbele. Wavu unaomfukuzia samaki ndio unaokata mishipi.

Samaki akiwa ndani ya wavu, bado majini, tazama mgongoni kati ya pezi kubwa na mkia. Samaki wa asili ana pezi dogo laini lisilo na miiba, kama ncha ya kidole cha mtoto. Wa kituoni hana: pezi hilo lilikatwa akiwa kifaranga, na ukipitisha kidole utaona kovu tambarare lililopona na kufunikwa na ngozi. Jeraha bichi si alama ya kituo.

Wa asili hapandi ukingoni. Lowesha mikono, usiguse matamvua, mtoe ndoana kwa koleo akiwa ndani ya maji, jambo ambalo ni rahisi sana ikiwa ulikwisha kubana kijino cha ndoana nyumbani. Picha ipigwe akiwa amelala majini, kwa sekunde chache. Kwa jirani zetu wa jimbo la Washington, kumtoa kabisa majini stilihedi anayepaswa kurudishwa ni kosa la kisheria. Mshike mkiani, kichwa kikielekea upande wa juu wa mto, mpaka akuponyoke mwenyewe. Stilihedi, tofauti na salmoni wengi wa Pasifiki, hafi lazima baada ya kutaga. Anaweza kurudi baharini na kupanda mto tena mwaka mwingine.

Wa kituoni mnayemchukua apigwe mara moja kichwani, arekodiwe, akatwe matamvua ili damu itoke akiwa majini, kisha atumbuliwe na kuwekwa penye barafu. Nyama yake ina rangi ya chungwa na mafuta ya kiasi, nayo hukubali sana kuchomwa na kupakwa nazi, mradi moto uwe mdogo kwa sababu hukauka upesi kuliko changu.

Jioni hiyohiyo, kabla hamjalala, osheni vifaa kwa maji safi, ning'inizeni ovaroli na viatu vikauke kabisa, na mmoja wenu aandike katika daftari la kundi tarehe, jina la mto, kina kilichosomwa saa moja asubuhi, kama kilikuwa kinapanda au kinashuka, joto la maji, rangi ya jigi, na lindi ambalo boya lilizama.